Jiko la Familia ya Kiyahudi kwa Fedha Kidogo
Kijitabu cha elimu kwa wenye nyumba, wapangaji na mafundi wa Mbeya na Iringa

Kijitabu hiki ni cha nani

Wayahudi wa Tanzania ni wachache sana, na jumuiya yao inayofahamika zaidi iko Arusha. Katika ukanda wetu, jumuiya kubwa ya Waafrika wa dini hiyo ni ya Abayudaya, walioko Mbale na vijiji vyake, mashariki mwa Uganda. Ilianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari wa Buganda. Kwa hiyo fundi mwashi wa Kihesa au Uyole anaweza kujenga majiko maisha yake yote asikutane na mteja anayemwambia kwamba nyama na maziwa havitakiwi kugusana.

Siku akikutana naye, mara nyingi mteja huyo anakuja na picha ya jiko la Jerusalem au New York: masinki mawili, majiko mawili, friji mbili, makabati pande zote. Gharama inaruka mara mbili kabla ya tofali la kwanza kulazwa. Tumeandika kijitabu hiki kwa sababu dini haidai matumizi hayo. Inadai utengano, na utengano unaweza kupatikana kwa mpangilio mzuri, mabeseni mawili na rangi ya kopo dogo. Familia za Kiislamu na za Kisabato zinazoishi uani pamoja na majirani wanaopika nguruwe zitakuta humu mengi yanayowahusu pia.

Sheria ambayo fundi anapaswa kuijua

Torati inakataza mara tatu kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake: Kutoka 23:19, Kutoka 34:26 na Kumbukumbu la Torati 14:21. Kutokana na katazo hilo Wayahudi hawapiki nyama pamoja na maziwa, hawavili pamoja, wala hawatumii vyombo vilevile kwa vyote viwili. Kuku anahesabiwa nyama. Kundi la tatu, la vyakula vya kati, halina upande: mayai, samaki, nafaka, maharage, viazi, mboga na matunda. Hivyo huliwa na nyama au na maziwa, ingawa desturi nyingi haziweki samaki na nyama katika sahani moja.

Nguruwe haliwi kabisa. Samaki lazima awe na mapezi na magamba, kwa hiyo perege na mbasa wa Ziwa Nyasa wanafaa, kambale hafai. Wadudu nao hawaliwi, na hili linagusa ujenzi moja kwa moja: mchele, unga na mboga za majani vinachambuliwa kwa makini, kazi isiyowezekana katika jiko la giza.

Jambo la mwisho ni joto. Chombo kinachoguswa na chakula cha moto huhesabiwa kuwa kimefyonza chakula hicho. Sufuria ya chai ya maziwa haichemshii mchuzi wa ng'ombe, hata ikisuguliwa kwa jivu mpaka ing'ae.

Anzeni na mlo wa wiki, si na ramani

Hapa ndipo fedha nyingi huokolewa au hupotea. Kabla ya kupima ukuta, familia ikae iandike kila inachokula kuanzia Jumapili hadi Jumamosi, halafu kila mlo uwekewe alama: nyama, maziwa au cha kati.

Kwa chakula cha Nyanda za Juu Kusini, orodha hiyo huwashangaza wengi. Ugali, maharage, viazi mviringo, ndizi za Tukuyu, wali wa Kyela, kabichi, parachichi, karanga: vyote ni vya kati. Maziwa yapo, lakini kwa familia nyingi yanaishia kwenye chai, uji na mtindi. Na nyama? Nyama ya buchani haiwi halali kwa Myahudi kwa kuchinjwa vizuri tu, wala kwa kuchinjwa na Mwislamu mcha Mungu. Lazima mnyama achinjwe na mchinjaji Myahudi aliyefunzwa, akaguliwe, kisha nyama itolewe damu kwa kulowekwa na kutiwa chumvi. Asiye na mchinjaji karibu atapika nyama mara chache mno, pengine pale tu atakapopata mtu wa kuichinja au kuileta.

Ushauri wetu ni huu, na tunausimamia: usijenge upande wa nyama kabla ya kujua nyama itatoka wapi. Jenga jiko la vyakula vya kati, lipe maziwa kona yake ndogo, na vyombo vya nyama viweke kwenye sanduku moja lenye kifuniko. Kona ya maziwa inahitaji sufuria ya chai, chujio, chupa ya chai, vikombe, bakuli za mtindi na rafu moja. Sanduku la nyama linahitaji sufuria mbili, kisu, ubao wa kukatia, mwiko na sahani. Mwaka ambao nyama itapatikana kwa urahisi, sanduku litahamia kwenye kabati.

Meza ya kazi na sinki

Katika nyumba ya matofali ya kuchoma, kama zilivyo nyingi za Iringa na Mbeya, meza ya kazi ya bei nafuu ni ya kujengea. Fundi anainua kuta fupi za tofali, anaweka fomu ya mbao, anapanga nondo na kumwaga zege lenye unene wa inchi tatu. Upana wa sentimita 60 unatosha. Kimo kiwe kati ya sentimita 85 na 90, lakini kipimwe kwa mpishi mwenyewe: asimame mbele ya ukuta akunje viwiko, na meza iwe chini kidogo ya viwiko hivyo. Chini ya meza yaachwe matundu matatu ya rafu. Pazia la kitambaa linatosha kwa mwaka wa kwanza. Milango ya mbao za paini kutoka Mafinga inaweza kungoja, na ingoje mbao zikauke, kwa maana mbao mbichi hupinda.

Juu ya meza pamalizwe na nini? Saruji iliyopigwa niru ndiyo nafuu kuliko zote. Marumaru husafishika vizuri zaidi, ila maungio yake hushika uchafu yasipojazwa sawasawa. Familia ijue kwamba marabi (walimu wa sheria za Kiyahudi) wengi hawakubali marumaru za udongo zitakaswe kwa maji ya moto zikishapata kosa la kukutanisha nyama na maziwa, lakini jiwe la asili kama granaiti linakubalika kwa wengi wao. Hiyo si sababu ya kununua granaiti ya meza nzima. Njia rahisi ni kutoweka sufuria ya moto juu ya meza kabisa: viwepo vibao viwili vya kuwekea, kimoja cha maziwa na kimoja cha nyama.

Sinki moja la chuma linatosha. Lihesabiwe kama mahali pasipo pa upande wowote, chombo kisilazwe moja kwa moja sakafuni mwake, na kila upande uwe na beseni lake, sponji lake na kichanja chake cha kukaushia. Masinki mawili ni raha, lakini la pili linadai bomba, koki na njia yake ya maji machafu, na fedha hiyo mara nyingi ingefaa zaidi kununulia tanki la kuhifadhi maji. Fundi anayetaka kumsaidia mteja wake wa kesho aache nafasi ya sinki la pili kwenye zege na tawi la bomba lililozibwa. Kufanya hivyo wakati wa ujenzi ni kazi ndogo. Kubomoa zege baadaye ni hasara.

Rangi zisaidie kumbukumbu. Familia nyingi za Kiyahudi hutumia nyekundu kwa nyama na buluu kwa maziwa. Kijani inafaa kwa vya kati. Mabeseni ya plastiki ya rangi hizo yapo katika kila soko, na mipini ya miiko inaweza kupakwa rangi nyumbani. Dada wa kazi aelezwe sababu, asipewe amri tupu. Anayeelewa kwa nini beseni jekundu haligusi kikombe cha chai ndiye atakayelilinda wakati mama mwenye nyumba hayupo. Aelezwe pia kwamba desturi nyingi humtaka Myahudi mwenyewe ndiye awashe moto wa kupikia.

Vyungu

Vyungu vya Wakisi, vinavyofinyangwa na wanawake wa mwambao wa Ziwa Nyasa na kuuzwa mpaka Kyela na Mbeya, ni vyombo bora vya maharage na samaki. Mnunuzi Myahudi akumbuke kwamba Walawi 6:28 inatofautisha chombo cha udongo na cha shaba: cha shaba husuguliwa na kusuuzwa, cha udongo huvunjwa. Mpaka leo chungu kilichoingia kosa hakitakaswi. Basi kila chungu kipewe kazi moja tangu siku ya kwanza, na kazi inayokifaa zaidi ni vyakula vya kati. Sufuria za chuma zilizotumika zinaweza kutakaswa kwa kuchemshwa baada ya kusafishwa na kupumzishwa saa 24, kwa maelekezo ya rabi. Hii ni habari njema kwa familia isiyo na uwezo wa kununua vyote vipya.

Moto, moshi na jioni ya Ijumaa

Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzijoto zipatazo 94, si 100. Iringa haiko mbali na hapo. Ndiyo maana maharage hukaa motoni muda mrefu kuliko Dar es Salaam na kumaliza mkaa. Katika bajeti ya jiko la nyanda za juu, sufuria ya presha ije kabla ya kabati zuri. Ya umeme hupika maharage kwa chini ya uniti moja, na kwa kuwa yenyewe ni ya vyakula vya kati, haihitaji mwenzake. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo hata anayepika kwa kuni leo amwambie fundi umeme aweke soketi mbili imara juu ya meza.

Jiko la gesi la plate mbili linatosha familia. Plate ziwe mbali kiasi ili maziwa yanayofurika yasirukie sufuria ya jirani, na mtungi ukae nje ya ukuta, mahali penye hewa na pasipo jua kali. Anayebaki na kuni kwa sasa ajenge jiko sanifu lenye bomba la kutolea moshi na dirisha mkabala na mlango.

Myahudi hawashi moto tangu jua linapozama Ijumaa hadi nyota zitokeze Jumamosi. Wasabato nao hupika Ijumaa, siku ya maandalio, hivyo fundi wa huku haoni jambo geni. Chakula cha jioni kinakaa na moto wake ndani ya kapu lililojazwa blanketi kuukuu au pamba. Maharage yalowekwe, yachemke sana kwanza, kisha yafungwe kapuni kabla jua halijazama. Mlo wa Jumamosi mchana uwe wa kuliwa baridi, au ukae juu ya plate ya umeme yenye moto mdogo, iliyowashwa mapema na kufunikwa bati jembamba.

Kitu ambacho hakikubaliki kwa namna yoyote ni kuacha jiko la mkaa likiwaka ndani usiku kucha ili chakula kisipoe au watoto wapate joto. Baridi ya Juni na Julai huwashawishi wengi. Mkaa unapowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Hakuna sheria ya Sabato inayomtaka mtu ahatarishe uhai, na marabi wote wanafundisha kwamba kuokoa uhai hutangulia Sabato.

Fedha, msimu na fundi

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Mvua zimekwisha, tofali zimekauka, na kwa wakulima wa mahindi na viazi ndipo fedha ipo mkononi. Ila baridi huchelewesha saruji kukomaa, kwa hiyo meza ya zege imwagiliwe maji kwa siku saba angalau na isibebeshwe mzigo haraka hata kama fundi ana haraka ya kuhamia kazi nyingine.

Fedha ikiwa kidogo, igawanywe kwa hatua zinazojitosheleza. Kwanza maji, njia ya maji machafu, moshi na mwanga, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyogusa afya. Pili meza na sinki. Rafu, milango na rangi ni vya mwaka unaofuata, na sehemu ya kumi ya bajeti isiguswe mpaka mwisho, kwa kuwa kila ukuta wa zamani ukibomolewa huonyesha kasoro mpya. Mkopo wa VICOBA unafaa kwa hatua moja yenye mwisho unaoonekana, haufai kwa jiko zima.

Chukua makadirio ya mafundi watatu yaliyoandikwa, vifaa mbali na ufundi. Nunua saruji na nondo mwenyewe, udai risiti. Malipo yafuate kazi iliyokwisha, na sehemu ya mwisho itolewe baada ya koki kufunguliwa na maji kutoka bila kuvuja. Mwonyeshe fundi kona ya maziwa na mahali pa sanduku la nyama kwa chaki sakafuni kabla hajaanza. Na kwa kazi ya umeme usimkubali yeyote asiye na leseni ya EWURA: mwombe akuonyeshe leseni hiyo kabla hajagusa waya.