Siku za Rutuba na Njia za Kupanga Uzazi

Katika vijiji vya Walikale huonekana mara nyingi mama aliyeshika mimba nyingine kabla mtoto wa mgongoni hajaachishwa ziwa. Mtoto huyo hukosa maziwa mapema, na mama huzaa tena nguvu zake hazijamrudia. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba baada ya kujifungua, wazazi wangoje walau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Yawapasa wakatekumeni wanaojiandaa kwa ndoa kufahamu kwanza jinsi mimba inavyotungwa. Kila mwezi yai moja hutoka katika mwili wa mke, na uhai wake hauzidi siku moja. Lakini mbegu ya mume yaweza kukaa hai ndani ya mke hata siku 5. Basi siku za rutuba ni kama 6 hivi. Taabu ni kwamba yai halipigi hodi. Hutoka yapata siku 14 kabla ya hedhi ijayo, wala si siku 14 baada ya hedhi iliyopita. Na hapo ndipo wengi wakoseapo hesabu.

Mwaka 1968, katika barua yake Humanae Vitae, Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alifundisha kwamba wenye ndoa walio na sababu nzito waweza kufuata siku zisizo na rutuba, bali dawa na vyombo vya kuzuia uzazi alivikataza. Mke ambaye mwezi wake ni wa siku 26 hadi 32 huhesabu tangu siku ya kwanza ya damu, na kuanzia siku ya 8 hadi ya 19 mume na mke hujizuia. Wengine hutumia shanga za rangi, wakisogeza moja kila siku. Mke ambaye mwezi wake hautulii asitegemee shanga. Na ajifunze kuutambua ute wake, maana siku za rutuba huwa wa kuteleza, kama ule wa yai la kuku.

Njia hii ni ya watu wawili. Mume akirudi kutoka machimbo ya Bisie siku ya 12, naye hataki kungoja, shanga hazitamzuia. Katika mke na mume 100 wafuatao hesabu hiyo mwaka mzima, 12 hivi hupata mimba. Wakiishika barabara, 5. Wasiofuata njia yoyote, ni 85.

Katika vituo vya afya hutolewa njia nyingine. Vidonge hulizuia yai lisitoke. Katika wake 100, 7 hushika mimba, hasa kwa kusahau. Sindano ya miezi 3 hufanya kazi hiyohiyo, na washikao mimba ni 4. Akiiacha, mke aweza kungoja miezi mingi kabla ya kupata mimba. Ndiyo maana watu husema sindano huua uzazi, jambo lisilo kweli. Hata hivyo, jamaa wakikimbilia msituni kwa ajili ya vita, vidonge huisha na siku ya sindano hupita. Kijiti cha chini ya ngozi ya mkono hudumu miaka 3 au 5; kitanzi cha shaba, kidhoofishacho mbegu za mume, hata miaka 10. Washikao mimba kwa hivi viwili hawafiki 1 katika 100, lakini anahitajika mwuguzi aliyefundishwa kuvitia na kuvitoa. Kondomu hushindwa kwa 13, nayo peke yake hukinga ukimwi pia. Kumwaga nje hushindwa kwa 20. Kamba ya kiunoni na kujiosha baada ya tendo havizuii neno lolote.

Kunyonyesha nako huchelewesha yai, yakitimia masharti matatu pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, hedhi haijarudi, na mtoto hupewa ziwa tu, mchana na usiku, bila maji wala uji. Uji ukianza, kinga hiyo haitegemewi tena. Yai la kwanza laweza kutoka kabla ya damu kuonekana, na mama huyo hana hedhi ya kuanzia hesabu. Shanga hazitamfaa mpaka mwezi wake utulie.