USHAURI NASAHA: KUTIBU KWA SIKIO

Wahenga walinena kuwa moyo wa mtu ni msitu. Kila asubuhi twaingia darasani na vitabu vyetu, lakini nani ajuaye mwenzake amebeba nini moyoni? Tukiambiwa twende kwa mwalimu wa ushauri nasaha, wengi wetu twakataa katakata, ati watu watasema tuna wazimu. Makala haya yananuia kueleza kazi ya mshauri ni ipi hasa.

Mmoja wa waliobadilisha kazi hii ni Carl Rogers (1902–1987), mwanasaikolojia wa Marekani. Zamani mtaalamu alijiona ndiye ajuaye yote, na mwenye shida kazi yake ni kupokea tu. Rogers alipinga. Hata neno "mgonjwa" aliliacha, akasema "mteja". Aliamini kwamba mtu anaweza kuitafuta njia yake mwenyewe, mradi apate wa kumsindikiza. Mwaka wa 1957 alichapisha makala kuhusu masharti ya ushauri unaoponya. Matatu kati yake yanamhusu mshauri mwenyewe:

(a) Ukweli. Mshauri asivae uso wa bandia. Akijifanya anajali na hali hajali, mteja atamgundua mara moja.

(b) Heshima isiyo na masharti. Mteja awe tajiri au maskini, wa kabila hili au lile, mwema au mkosaji, apokewe kama binadamu. Hii si kusema kila atendalo ni sawa. Kosa laweza kukataliwa bila mkosaji kudharauliwa.

(c) Kuhisi pamoja naye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hivyo mshauri huuliza, husikiliza, kisha hurudia kwa maneno yake aliyoyasikia ili ahakikishe ameelewa.

Kuna watakaosema, "Hayo ni mambo ya Wazungu bwana!" La hasha. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka wa 2006 na nyanya 14 mtaani Mbare, jijini Harare. Nyanya hao walifunzwa kuwasikiliza watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hawakutumia majina magumu ya hospitali. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Hatua ya kwanza waliiita kuvhura pfungwa, ndiyo kufungua mawazo. Mwaka wa 2016 ulichapishwa utafiti uliohusu watu 573. Baada ya miezi sita, waliozungumza na nyanya hao walikuwa na nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Wanachama wenzangu, tazameni nguvu ya lugha! Mtu akiitwa mwenda wazimu, hujificha. Akiulizwa, "Je, unawaza sana siku hizi?" huenda akafungua mdomo.

Sasa tufanye zoezi. Rafiki yako bwenini anakuambia, "Likizo hii sitaki kwenda nyumbani." Utamjibu vipi?

1. "Wacha mchezo, kila mtu ana shida zake."
2. "Mwambie babako ukweli, yataisha."
3. "Naona jambo hili linakulemea. Kuna nini huko nyumbani?"

Jibu la kwanza linafunga mlango. La pili linatoa dawa kabla ya kuujua ugonjwa. La tatu ndilo linalomwachia mwenzako nafasi ya kusema.

Hata hivyo, sisi si washauri waliosomea kazi hiyo. Mwenzako akisema amechoka kuishi, au kwamba kuna mtu anayemdhuru, usiiweke siri hiyo hata kama amekuapisha. Kaa naye, kisha mwende pamoja kwa mwalimu mnayemwamini, siku hiyo hiyo. Akikataa kwenda, nenda wewe. Afadhali akukasirikie akiwa hai.

Nanyi walimu wetu, twawaomba mlango wa chumba cha ushauri usiwe mlango wa adhabu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mgonjwa hafichui maradhi yake mbele ya anayemcheka.