SOMO LA KIINGEREZA: Maneno ya kazi, na yale yanayotudanganya



Katika darasa la jioni hapa Nakivale swali linalorudi kila juma ni hili: "Mwalimu, nianze na maneno gani?" (Mnaniita mwalimu ingawa mimi ni mhamasishaji tu niliyemaliza sekondari.) Jibu langu ni moja. Anza na maneno yaliyo kwenye karatasi ambayo utatakiwa kuitia saini.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutafuta kazi na kuajiriwa. Lakini tangazo la kazi, mkataba na karatasi ya malipo huandikwa kwa Kiingereza, nasi wengi tuliotoka Kongo na Burundi tulisoma kwa Kifaransa. Kifaransa kinatusaidia sana, kwa sababu maneno mengi ya lugha hizo mbili yanafanana. Taabu ni kwamba mengine yanafanana sura tu.

Niwaambie yaliyonipata mimi. Mara ya kwanza nilipoitwa kwenye usaili nilijiandaa usiku kucha. Nilipoulizwa kwa nini nimekuja, nikajibu kwa sauti: "I demand this job." Nilikuwa nafikiri "je demande", yaani naomba. Kwa Kiingereza "demand" ni kudai kwa nguvu, kama anayedai deni. Wale mabwana walitazamana. Nikaendelea kujieleza kwamba nilifanya "stage" ya miezi sita. Hapa Uganda "stage" ni mahali wanaposimama bodaboda wakingoja abiria! Kazi sikuipata, na sikujua sababu mpaka dada mmoja wa Kiganda aliponieleza akicheka.

Basi shika haya. Kuomba kazi ni "apply for a job". Ile "stage" ya Kifaransa ni "internship". "Formation" yetu ni "training". Ukitaka kusema ulihudhuria mkutano, sema "I attended", kwa maana "I assisted" ni nilisaidia. "Actuellement" ni "currently", yaani kwa sasa. "Actually" ni kwa kweli. Na mkubwa wako wa kazi usimwite "chef": kwa Kiingereza huyo ni mpishi. Mwite "my supervisor" au "my boss".

Sasa tutazame tangazo la kazi. Juu utaona "vacancy", yaani nafasi ya kazi. "Deadline" ni siku ya mwisho ya kupokea maombi, na ukichelewa hata siku moja usihesabu kwamba watakuonea huruma. Chini mara nyingi huandikwa "Only shortlisted candidates will be contacted". Maana yake ni kwamba wataitwa wale tu waliochaguliwa kwa usaili. Ukikaa kimya bila kuitwa, si kwamba barua yako imepotea.

Neno "referees" linawachekesha vijana wetu wa mpira. Hapa si refa mwenye filimbi. Ni watu wawili au watatu wanaokufahamu kazini au shuleni na wanaoweza kukushuhudia. Usiandike jina la mtu kabla hujamwomba ruhusa, maana atapigiwa simu ghafla aseme hakujui vizuri.

Halafu kuna saa. Tangazo likisema "Report at 8:00 am", neno "report" hapa ni kufika na kujionyesha. Hakuna taarifa ya kuandika. Na hiyo 8:00 am ni saa mbili asubuhi yetu. Mama mmoja wa eneo la Rubondo aliisoma kama saa nane, akafika mchana akiwa amevaa vizuri, na usaili ulikuwa umekwisha. Njia ni rahisi: ongeza au punguza sita. Wakiandika 2:00 pm, ni saa nane mchana. Ukiwa na mashaka uliza: "Is that in the morning or in the afternoon?"

Tuje kwenye mkataba. Hapa nawaomba msome polepole.

"Casual" ni kibarua wa kulipwa kwa siku. "Probation" ni kipindi cha majaribio. Sheria ya Kazi ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kisizidi miezi sita, na kinaweza kuongezwa miezi mingine isiyozidi sita ikiwa mfanyakazi mwenyewe amekubali. "Notice", ile tuliyoizoea kama "préavis", ni taarifa ya kuachishwa au kuacha kazi: kwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita lakini hajatimiza mwaka ni majuma mawili, na kwa aliyetimiza mwaka lakini hajafika miaka mitano ni mwezi mmoja. "Leave" ni likizo, siku saba kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, na lina malipo. Litamkwe kwa kuvuta, "liiv", lisije likasikika kama "live", kuishi. Vilevile "work" na "walk" si neno moja. Ndugu yetu mmoja aliyesema "I walk in the hospital" alidhaniwa ni mgonjwa anayefanya mazoezi.

Kwenye malipo tofautisha "salary" na "incentive". "Salary" au "wage" ni mshahara. "Incentive" ni ile posho wanayopewa wakimbizi wengi wanaosaidia kazi za mashirika kambini, nami ni mmoja wao. Ukiliona neno hilo uliza mapema kama kuna likizo na mengineyo, usije ukadhani umeajiriwa kama wengine.

"Gross" ni mshahara kabla ya kukatwa, "net" ni unaoingia mfukoni, na "deductions" ni makato. Tuseme gross ni shilingi 200,000. Mfuko wa akiba ya wafanyakazi, NSSF, unakata asilimia 5 kwako, yaani 10,000, ukabaki na 190,000. Mwajiri naye anapaswa kuweka asilimia 10, yaani 20,000, kutoka mfukoni mwake. Akikukata wewe zote 15, uliza.

Nimeacha kwa mwisho neno lililomwumiza papa mmoja jirani yangu, fundi wa kujenga. Walikubaliana shilingi 180,000. Siku ya malipo akapewa 90,000 na ahadi ya nyingine juma lijalo, akawekewa karatasi, akasaini. Iliandikwa "received in full". Aliporudi kudai alionyeshwa saini yake mwenyewe, kwa sababu maneno hayo maana yake ni "nimepokea zote". Watoto wake wanne walikuwa wakizingoja zile fedha. Ukilipwa nusu, andika kwa mkono wako "part payment", malipo ya sehemu, pamoja na kiasi ulichopokea, kisha "balance", yaani baki, na kiasi chake. Dukani hapa "balance" ni chenji, kwa hiyo neno mnalijua tayari. Wakikataa usiandike hivyo, sema: "Please, let me read it first," na umwite mtu anayejua kusoma. Hakuna anayekamatwa kwa kuomba kusoma.

ZOEZI. Soma tangazo hili: "Casual workers needed. Report Monday 7:30 am with ID. Payment weekly. No transport allowance."

1. Utafika saa ngapi kwa saa zetu?
2. Utalipwa kila baada ya muda gani?
3. Nauli ni ya nani?
4. Andika kwa Kiingereza: "Nimepokea sehemu ya malipo, shilingi 40,000. Baki ni shilingi 20,000."

Majibu tutayasahihisha pamoja darasani. Njoo na kalamu na daftari, na kama unao mkataba ambao hujausaini, uje nao.