Somo: Fedha ya Langoni na Sheria Inayoigawa



Katika semina za kamati za maendeleo za sharika zinazopakana na msitu, swali moja hurudi kila mwaka: mgeni analipa fedha nyingi kupanda mlima huu, fedha hiyo inakwenda wapi? Wafadhili wetu, ambao wengi wao wakija kutembelea miradi hupanda mlima kabla ya kurudi kwao, huuliza kwa namna yao: mbona tulilipa kiasi kile, na choo cha kambini kikawa katika hali ile? Hayo ni maswali mawili yenye jibu moja, nalo limo katika sheria. Kwa hiyo somo la toleo hili linahusu sheria, na tunaomba lisomwe na kamati nzima, si na katibu peke yake.

Tuanze na hesabu

Chukueni mfano wa mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki anayepanda kwa njia ya Machame kwa siku 6. Kwa viwango vilivyotumika kwa miaka mingi ya karibuni, ada ya uhifadhi ni dola 70 kwa siku, ada ya kambi dola 50 kwa usiku, na ada ya uokoaji dola 20 kwa safari nzima. Siku 6 ni dola 420. Usiku 5 ni dola 250. Ukijumlisha na uokoaji unapata dola 690. Tangu Julai 2016 huduma za utalii zinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, hivyo mgeni huyu anafikisha dola 814 kabla hajanunua chakula wala kumlipa mpagazi hata mmoja.

Kabla ya ugonjwa wa Korona mlima ulikuwa unapokea karibu wapandaji 50,000 kwa mwaka. Msikimbilie kuzidisha: Watanzania na majirani zetu wa Afrika Mashariki hulipa viwango vya chini, na njia na siku hutofautiana. Hata hivyo kila mmoja anaona kwamba fedha inayopita katika malango ya Marangu, Machame, Londorosi, Umbwe na Rongai si ya kutupa.

Je, mgeni anapata nini? Njia ya Marangu ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala, yaani Mandara, Horombo na Kibo. Njia nyingine zote ni za mahema. Mwezi Agosti 2022 intaneti ilifika Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na hilo lilitangazwa sana. Choo hakitangazwi. Kampuni zenye uwezo hubeba vyoo vyao vya hema, maana yake ni kwamba kijana wa Kibosho au wa Machame anapanda na choo mgongoni kwa ajili ya mgeni ambaye amekwisha kulipa dola 50 kwa usiku kutumia kambi. Kambi ya Barafu, ambako wapandaji wa njia hiyo hujiandaa kwa usiku wa kwenda kileleni, haina maji, nayo huchotwa bonde la Karanga na kubebwa na wapagazi. Mgonjwa akizidiwa hushushwa kwa machela ya gurudumu moja, na vijana wanaoisukuma juu ya mawe ndio wale wale waliobeba mizigo asubuhi. Mzani uliopo langoni umesaidia, kwa kuwa mpagazi hatakiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Hiyo ni kanuni iliyoandikwa, na imeokoa migongo ya watu kwa sababu imeandikwa na kuna mtu anayesimama pale kupima.

Sheria inasemaje?

Sheria mama ni Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, ambayo asili yake ni sheria ya mwaka 1959, wakati wa Mwingereza. Hifadhi ya Kilimanjaro yenyewe ilianzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa rasmi na Mwalimu Nyerere mwaka 1977, na mwaka 1987 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa mujibu wa sheria hiyo hifadhi zipo chini ya bodi ya wadhamini, yaani TANAPA. Kwa muda mrefu shirika lilikusanya viingilio lenyewe na kuvitumia lenyewe, na fedha ya Kilimanjaro na Serengeti ndiyo iliyobeba hifadhi nyingine nyingi ambazo hazijitoshelezi. Tukumbuke hilo tunapolalamika. Mlima wetu unalisha na ndugu zake, na nionavyo mimi si jambo baya.

Mwaka 2020 mambo yalibadilika. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilielekeza mapato ya TANAPA na ya Mamlaka ya Ngorongoro yakusanywe na TRA na kuingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Kuanzia Julai 2020 shirika likawa linaomba fedha Hazina kwa bajeti kama idara nyingine. Sababu iliyotolewa ina mantiki: taasisi ishughulike na uhifadhi, na ukusanyaji ufanywe na chombo cha kukusanya. Lakini mlima haufuati kalenda ya bajeti. Oktoba 11 mwaka huo huo moto ulizuka eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, ukaendelea kwa zaidi ya wiki. Walioupigana nao walikuwa askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wapagazi na wanavijiji wenye matawi ya miti mikononi. Hatusemi kwamba sheria ndiyo iliyowasha moto. Tunasema kwamba kuna matumizi ambayo hayawezi kungoja robo ya mwaka ifike, na sheria nzuri huyatengea fungu mapema.

Tangu hapo mgawanyo wa mapato hayo umeguswa tena na sheria za fedha zilizofuata. Hapa kuna jambo la kujifunza. Mgawanyo ukiwekwa na sheria ya fedha unaweza kurekebishwa na sheria ya fedha ya mwaka unaofuata, na Muswada wa Sheria ya Fedha huletwa bungeni kila Juni. Anayetaka kujua asilimia za mwaka huu asiulize jirani, atafute sheria ya mwaka huu. Mbunge anaweza kuwapatia nakala, na mkimwomba atajua mnafuatilia.

Ujirani mwema

Wengi wenu mnaufahamu mpango wa Ujirani Mwema. Kijiji huibua mradi, huchangia asilimia 30 kwa mawe, mchanga, nguvu kazi au fedha, na TANAPA huchangia asilimia 70. Kuna madarasa na zahanati katika wilaya zetu zilizojengwa kwa njia hii, na utaratibu wake haupishani sana na ule tunaoutumia sisi wenyewe na sharika. Ni mpango mzuri. Ila ulikuja kwa sera ya shirika, haukuja kwa kifungu cha sheria mama kinachosema kijiji kinachopakana na hifadhi kina haki ya sehemu fulani ya mapato. Mwaka wenye fedha kijiji hupata, na mwaka wa ukame, kama ule wa Korona ambapo ndege zilisimama, kijiji hakina mahali pa kusimama na kudai. Mtu anayekupa kwa hisani hukupa anapoweza, na hapo huwezi kumlaumu.

Suala la nusu maili

Hakuna mkutano wa kijiji cha juu unaomalizika bila nusu maili kutajwa, kwa hiyo tusilipite. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa upana wa nusu maili, kama mita 800, kwenye ukingo wa chini wa msitu, ili watu wapate kuni, nguzo na majani ya ng'ombe bila kuingia msitu wenyewe. Ukanda huo ulikuwa chini ya mamlaka ya wenyeji. Baada ya uhuru usimamizi ulihama kati ya halmashauri na serikali kuu, na kila ulipohama ulilegea kidogo. Mwaka 2001 uchunguzi uliofanywa kwa ndege ndogo ulionyesha jinsi miti mikubwa ya asili ilivyokuwa ikikatwa kwa wingi msituni. Mwaka 2005 msitu wote pamoja na nusu maili ukaingizwa katika Hifadhi ya Taifa, ambayo mpaka wakati ule ilianzia mita 2,700 kwenda juu.

Tuwe wakweli: waliokata miti ile hawakutoka mbali wote. Na maji ya mifongo yetu, na ya mto Pangani hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, yanategemea msitu huo kusimama. Lakini mama mwenye ng'ombe wawili bandani na kihamba cha robo eka alipoteza mahali pa kukata majani, na hakuna mahali sheria ilipoandika atapata nini badala yake. Mpaka ulisogezwa kwa sheria, fidia ya maisha ya kila siku ikaachwa kwa mazungumzo. Nadhani uchungu mwingi tunaousikia vijijini unatoka hapo kuliko kwenye mpaka wenyewe.

Majirani zetu wa Uganda

Uganda walichukua njia nyingine. Sheria yao ya wanyamapori ya mwaka 1996 iliandika kwamba asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi irudi kwa serikali za mitaa zinazoizunguka, na sheria mpya ya mwaka 2019 iliendelea na jambo hilo. Kijiji kinachopakana na Bwindi au Rwenzori kinaweza kushika sheria mkononi na kuuliza: ya mwaka jana iko wapi? Hilo ni tofauti kabisa na kwenda kuomba.

Lakini someni vizuri, maana neno moja linaweza kula nusu ya haki. Sheria ya Uganda inasema kiingilio. Fedha kubwa ya Bwindi haitokani na kiingilio, inatokana na kibali cha kuwaona gorila, ambacho ni mamia ya dola kwa mtu mmoja, na kibali hicho hakihesabiwi katika ile asilimia 20. Jamii ilitengewa tozo ndogo ya dola chache kwa kila kibali. Pia fedha hupitia wilayani, na safari ya kutoka wilayani hadi kijijini ni ndefu kila mahali.

Sasa turudi Machame na mgeni wetu wa siku 6. Kama sheria yetu ingesema asilimia 20 ya ada ya uhifadhi, mgeni huyo angeacha dola 84. Kama ingesema asilimia 20 ya ada zote za hifadhi, angeacha dola 138. Tofauti ni dola 54 kwa mtu mmoja, kwa sababu ya maneno mawili matatu. Ndiyo maana kamati ikipeleka maoni isiandike tu kwamba inaomba wananchi wanufaike. Kila kiongozi atakubaliana na sentensi hiyo, na hakuna kitakachobadilika.

Kamati ifanye nini?

Kwanza mjue pa kusemea. Kijijini ni mkutano mkuu wa kijiji, na maoni yasiyo katika muhtasari wake ni kama hayakusemwa. Kutoka hapo huenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha diwani huyapeleka halmashauri. Bungeni, Kamati ya Bajeti hukaribisha maoni ya wadau kabla muswada wa fedha haujapitishwa, na dirisha hilo huwa fupi mno. Asiyejiandaa mapema hufika limekwisha kufungwa.

Pili, mjue mnaomba nini. Ofisi yetu ingependa kila kamati ijadili mambo haya na kuandika majibu kwa maneno yake: sehemu ya mapato irudi vijijini kwa asilimia ya nini hasa, ipitie akaunti ya nani, na je, ada ya kambi isifungwe kisheria itumike kwenye kambi, yaani vyoo, maji na njia, na ada ya uokoaji itumike kwa uokoaji tu? Jambo hili la mwisho tunaliona lina nguvu, kwa sababu mgeni, mpagazi na mwenye kampuni wote wanalitaka, na hakuna anayepoteza ila anayetumia fedha hiyo kwa mengine. Waulizeni vijana wenu wanaopanda. Kila usharika wa ukanda wa juu una wapagazi na waongozaji, lakini ni nadra kuwakuta katika kamati zetu, kwa kuwa siku ya kikao wao wako Horombo. Pangeni kikao Aprili au Mei, mvua za masika zinapopunguza wageni na vijana wapo nyumbani.

Kwa wafadhili tuna ombi dogo. Mkipanda mlima, andikeni mliyoyaona kuhusu kambi na njia, mpeleke kwa uongozi wa hifadhi na nakala kwetu. Malalamiko ya aliyelipa husikilizwa haraka zaidi. Pia ulizeni kampuni yenu inamlipa mpagazi kiasi gani kwa siku kabla ya kukubali bei. Bei ikiwa ya chini mno, mara nyingi kinachopunguzwa ni posho ya huyo anayebeba.

Muhtasari wa majadiliano uletwe ofisi ya miradi ukiwa na sahihi ya mwenyekiti na katibu. Ukichelewa kikao cha Aprili au Mei, utumike kwa bajeti ya mwaka unaofuata, tutautunza.