Tazama Mgongo Kwanza: Jinsi ya Kuchagua Amplifaya ya Gitaa

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukisikia gitaa likilia vizuri harusini au kanisani, ujue kuna mtu aliyeketi chini akafikiri kabla ya kulichomeka. Mwaka uliopita sisi wanafunzi wanne tulianzisha bendi, na katika muda mfupi tukaunguza amplifaya moja na nusura tumpoteze mwimbaji wetu. Nimeona heri niyaandike tuliyojifunza ili atakayenunua amplifaya baada yetu asilipe karo ile ile tuliyoilipa sisi.

Kwanza nieleze jambo moja la lugha. Wengi wetu husema "kipaza sauti", lakini neno hilo hilo hulitumia wakimaanisha maikrofoni, na pengine hata spika. Kwa hivyo hapa nitasema amplifaya, yaani chombo kinachopokea umeme hafifu kutoka kwa gitaa na kuukuza hadi uweze kuisukuma spika. Gitaa la umeme peke yake halina sauti ya maana. Chini ya nyuzi zake kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika waya ule. Anayesoma Fizikia ameshaelewa.

Watu wengi wakiingia dukani huitazama amplifaya usoni: jina lake, vifundo vinavyong'aa na ukubwa wa sanduku. Mjomba wangu, ambaye alipiga gitaa la ridhimu katika bendi ya benga kwa miaka mingi, hutuambia, "Vijana, geuzeni kwanza mtazame mgongo." Mgongoni ndiko ukweli ulikoandikwa. Basi na tuutazame mgongo huo pamoja.

1. VOLTI

Tulichanga pesa kwa miezi minane. Mpigaji wetu wa besi aliuza kuku wake saba. Mimi nilikuwa nikija shuleni kwa miguu na ile nauli ya matatu naiweka. Tulipofikisha shilingi elfu kumi na nne tulienda mjini tukanunua amplifaya kuukuu iliyokuwa safi kama mpya. Jioni tukaichomeka kwa stima katika chumba cha kanisa tunakofanyia mazoezi. Ikaguna kidogo, ikanyamaza, na harufu ya waya ulioungua ikajaa chumbani. Hakuna aliyesema neno. Yule wa besi alitoka nje akaketi kwenye ngazi.

Fundi alipoigeuza alituonyesha maandishi madogo mgongoni: 120 V. Kumbe! Stima yetu hapa Kenya ni volti 240. Marekani hutumia volti 120 na Japani volti 100, na chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa huko hakijui kwamba kimehamia kwetu. Tena ile fyuzi ambayo ingekatika na kukiokoa ilikuwa imeondolewa zamani, pakawekwa kipande cha waya. Muuzaji hakutudanganya kuhusu volti, kwa maana hatukumwuliza. Kilichoniuma ni kwamba kanuni yenyewe nilikuwa naijua kwa moyo: nguvu ni volti kipeo cha pili, ugawanye kwa ukinzani. Volti zikiongezeka mara mbili, nguvu katika waya ule ule huongezeka mara nne. Chombo cha kubeba debe moja tulikitwika madebe manne!

Kwa hivyo soma maandishi hayo kabla hujatoa pesa mfukoni. Yakisema 220 hadi 240, vyema. Kama kuna swichi ya kubadilisha volti, hakikisha imeelekezwa 240. Kama ni 120 peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha volti, nayo iwe na uwezo wa wati nyingi kuliko zile ambazo amplifaya inasema inatumia. Ongeza bei ya transfoma hiyo juu ya bei ya amplifaya, ndipo uamue kama kweli ni rahisi. Mwishowe mwombe muuzaji akufungulie fyuzi uione kwa macho yako.

2. WATI

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mtu hudhani kwamba amplifaya ya wati 100 ina sauti mara kumi kuliko ya wati 10. La, hasha! Sikio la binadamu halihesabu hivyo. Ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu, unahitaji nguvu mara kumi hivi. Kwa hivyo ile ya wati 100 huisikia takriban mara mbili tu ya ile ya wati 10, na kutoka wati 15 hadi 30 tofauti ni ndogo. Usiuze mbuzi kwa ajili ya wati 15 za ziada.

Angalia pia spika. Spika ya inchi 12 husukuma hewa nyingi kuliko ya inchi 8, na sauti yake huwa imeshiba. Kwa mazoezi ya nyumbani wati 5 hadi 10 zinatosha, na majirani watakushukuru. Kwa kupiga pamoja na ngoma darasani, sisi tumeona wati 30 hadi 50 na spika ya inchi 12 zinatosha. Je, ukumbi ukiwa mkubwa? Huna haja ya kununua sanduku kubwa kama kabati. Weka maikrofoni mbele ya amplifaya yako ndogo, na sauti ipelekwe kwenye spika kubwa za ukumbi pamoja na za waimbaji.

Jambo jingine: usichomeke gitaa la besi katika amplifaya ndogo ya gitaa la kawaida ukaifungulia. Sauti za chini huitikisa spika kupita kiasi mpaka karatasi yake ichanike. Debe letu la kwanza la kujifunzia lilikufa hivyo hivyo.

3. AINA YA SAUTI

Kuna amplifaya za valvu na za transista. Za valvu ndizo za zamani: ndani mna vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya machungwa. Ni nzito, hupata joto, na valvu huchoka na kuhitaji kubadilishwa. Leo Fender wa California alianzisha kampuni yake mwaka 1946, na amplifaya zake zikaenea duniani. Huko London, Jim Marshall, aliyekuwa na duka la ngoma, alitoa amplifaya yake ya kwanza mwaka 1962. Yeye na wenzake walifuata mpangilio wa Fender Bassman, lakini ikatoka na sauti yake yenyewe.

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa na sauti hukwaruza. Wapiga roki huupenda sana mkwaruzo huo, hasa wa valvu, kwa kuwa huja polepole. Wa transista huja ghafla na mara nyingi huumiza masikio.

Lakini sisi tunapiga benga, na benga haitaki mkwaruzo. Magitaa ya benga yamechukua mengi kutoka kwa nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane, ambayo kila uzi wake husikika ukidonolewa. Sikiliza kanda za Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati, Tanzania, mwaka 1940 na kufariki mwaka 2006. Gitaa la solo linakwenda juu, mbio mbio, na hakuna noti inayomezwa. Sauti kama hiyo huhitaji amplifaya ambayo haijafika mwisho wa nguvu zake. Hapo transista si duni hata kidogo. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, ni ya transista na imependwa duniani kwa usafi wa sauti yake.

Kosa letu lilikuwa kuchomeka magitaa mawili katika amplifaya moja kwa kuwa tuliona ina matundu mawili. Solo na ridhimu zikawa uji. Wapigaji wa Kongo wameweza kupanga solo, mi-solo na ridhimu katika wimbo mmoja kwa sababu kila gitaa lina mahali pake. Kama mna amplifaya moja tu, basi mmoja apige gitaa la kawaida lisilo la umeme mbele ya maikrofoni. Si aibu.

4. OMU

Mgongoni, karibu na tundu la spika, utaona namba kama 8 au 4. Huo ni ukinzani wa spika, na hupimwa kwa omu. Kama amplifaya ya transista imeandikwa kuwa spika isipungue omu 8, usiiunganishie ya omu 4, kwa maana itatoa mkondo mwingi kuliko inavyoweza na kuungua. Kumbuka pia kuwa spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na zikifuatana huwa omu 16. Ile ya valvu usiiwashe kamwe bila spika yake, kwani transfoma ya ndani inaweza kuharibika.

5. WAYA WA ARDHI

Naomba sehemu hii uisome mara mbili.

Mwezi wa Desemba tulialikwa kupiga katika harusi. Tuliazima amplifaya. Mvua ilikuwa imenyesha na nyasi zilikuwa zimelowa. Stima ilitoka nyumba ya jirani kwa waya mrefu. Mwimbaji wetu, ambaye pia hupiga ridhimu, alishika nyuzi za gitaa, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni. Alirushwa nyuma kama aliyepigwa teke, na mkono wake ukakataa kuachia gitaa. Mjomba hakumgusa. Alikimbia akaing'oa plagi ukutani. Mwenzetu alibaki amelala kwenye matope akitetemeka, na wageni wengine wakicheka wakidhani ni mchezo. Mama yake hakucheka.

Kulitokea nini? Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na sanduku la chuma la amplifaya kupitia waya wake. Amplifaya ile ilikuwa na hitilafu iliyopeleka umeme kwenye chuma. Kama waya wa ardhi ungekuwepo, umeme ungeteremka ardhini na fyuzi ikakatika. Lakini mtu fulani alikuwa ameukata ndani ya plagi ili kuondoa mvumo. Maikrofoni nayo ilikuwa imeunganishwa vizuri na ardhi kupitia chombo kingine. Basi umeme ukapata njia: kutoka mkononi, kupitia kifuani, hadi mdomoni.

Haya si mambo ya kwetu tu. Mwaka 1972 mpiga gitaa wa Scotland, Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni ambayo haikuwa imeunganishwa na ardhi sawasawa.

Kwa hivyo, kabla ya kununua au kuazima, mwombe mtu mzima anayejua umeme akufungulie plagi ikiwa haijachomekwa. Waya wa rangi ya kijani na manjano uwe umekazwa mahali pake. Kukiwa na mvumo, vyombo vyote vya bendi vichomekwe katika soketi za mahali pamoja, na usogee mbali na taa na transfoma. Mvumo ukibaki, uvumilie. Heri gitaa linalovuma kuliko matanga.

6. SIKILIZA MWISHO

Ukisharidhika na mgongo, sasa geukia uso. Nenda na gitaa lako mwenyewe, si lile zuri la dukani. Zungusha kila kifundo polepole usikie kama kinachakarisha. Piga kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ambayo utaihitaji ngoma zikiwepo. Iache ikiwaka kwa nusu saa kama muuzaji anakubali, kwa sababu magonjwa mengine hujitokeza chombo kikipata joto. Usione haya kuuliza, kwani kuuliza si ujinga.

Na ile yetu iliyoungua? Fundi aliitoa transfoma, akaifunga waya upya ili ipokee volti 240, akarudisha fyuzi ya kweli. Tulimlipa kwa pesa za harusi mbili, na harusi zote mbili mjomba alifungua kila plagi kabla hatujagusa kitu. Siku tuliyoichukua, yule wa besi aliomba rangi nyeupe, akaandika mgongoni kwa herufi kubwa: 240. Hajanunua kuku wengine bado, lakini ameanza kunisalimu kama zamani.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Amplifaya ya volti 120 imeandikwa kuwa inatumia wati 80. Je, transfoma ya wati 50 itafaa? Eleza.
(b) Una spika mbili za omu 8, na amplifaya ya transista isiyotaka chini ya omu 8. Utaziunganisha vipi?
(c) Rafiki yako anataka kukata waya wa ardhi ili mvumo uishe. Mwandikie barua fupi ya kumkataza.

Anayetaka kusahihishiwa majibu yake atupate Ijumaa saa kumi na nusu baada ya masomo. Aje na gitaa kama analo.