KAMBI YA BURE KATIKA ARDHI KOROFI

Katika kurasa hizi nataka tujifunze jambo ambalo kwa wengi wetu wa shule ya kutwa ni geni: kupiga kambi ya bure jangwani. Najua kuna atakayecheka na kusema, "Sisi jioni twarudi nyumbani kwa mama, kambi ya jangwani ni ya nini?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Somo hili lina Jiografia, Hesabu, Historia na Kiswahili ndani yake. Tena ukifika mwisho utaona kwamba linatuhusu sisi Wakenya kuliko unavyodhani.

1. Maneno kwanza

Neno kambi sote twalijua. Lakini kuna kambi za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya kiwanja kilichotengenezwa. Hapo kuna lango, mlinzi, mfereji wa maji, choo, na ada ya kulipa. Ya pili ni kambi ya kutawanyika. Hapo hakuna kiwanja wala lango. Kila kundi hujitafutia mahali pake mbali na wengine, hulala, kisha huondoka bila kulipa hata senti moja.

Nchini Marekani kambi ya namna hii ni jambo la kawaida katika ardhi ya umma. Kuna idara moja ya serikali kuu ambayo peke yake husimamia karibu sehemu moja ya kumi ya ardhi yote ya nchi ile. Katika sehemu nyingi za ardhi hiyo mtu huruhusiwa kukaa siku 14, kisha sharti ahame. Wahenga wetu walikuwa wakali zaidi, maana walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!

Neno la pili ni ardhi korofi. Walakota, ambao ni wenyeji wa asili wa Marekani, waliita ardhi ya namna hii mako sica, yaani ardhi mbaya. Wafaransa waliofika huko kutafuta ngozi za wanyama nao wakasema ni ardhi mbaya kuipita. Katika Kiswahili mimi napendekeza tuseme ardhi korofi, kwa sababu kitu korofi ni kile kinachomletea mtu taabu. Ni mahali pakavu penye udongo laini usio na majani ya kuushika. Mvua na upepo vimeuchonga udongo huo ukawa makorongo, vilima vilivyochongoka, na nguzo za ajabu. Kama kuna mwanachama mwenye neno bora zaidi, na alilete mkutanoni tulijadili.

2. Bisti ni wapi?

Mfano wetu ni nyika iitwayo Bisti/De-Na-Zin. Iko katika jimbo la New Mexico, kusini mwa mji wa Farmington. Ukubwa wake ni zaidi ya ekari 40,000, na iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Majina yote mawili yametoka katika lugha ya Wanavajo, ambao ndio wenyeji wa pande zile. Sehemu hizi zililindwa kwa sheria mwaka 1984, na mwaka 1996 zikaunganishwa kuwa nyika moja.

Ilitokeaje? Zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita, mahali hapo palikuwa pwani. Ndiyo, pwani! Palikuwa na bahari, mito, vinamasi, misitu mikubwa, na dinosau wakitembea humo. Mito ikaleta mchanga na tope, volkeno zikamwaga majivu, na vyote vikalaliana tabaka juu ya tabaka. Baadaye bahari ikaondoka, nchi ikainuka, na mvua ikaanza kula udongo.

Sasa angalia jinsi nguzo zinavyofanyika. Juu kuna mwamba mgumu wa mchanga, chini kuna udongo laini. Mvua hula udongo uliokaa wazi, lakini ule ulio chini ya mwamba hupona, kama mtu aliyejikinga kwa mwavuli. Mwishowe hubaki nguzo nyembamba yenye jiwe kichwani, mfano wa uyoga. Siku moja shingo ya nguzo hukonda mno, jiwe huanguka, na huo ndio mwisho wake. Ndiyo sababu ni makosa kupanda juu yake ili upigwe picha.

3. "Bure" maana yake nini?

Hapa ndipo kiini cha somo langu. Mtu akisikia bure hufurahi. Lakini tujiulize, ile ada ya kwenye kiwanja ilikuwa ikilipia nini? Ililipia maji, choo, mzoataka, mlinzi, na vibao vya kuonyesha njia. Ukiondoa ada, umeondoa hivyo vyote. Kwa hiyo pale Bisti hakuna mfereji, hakuna choo porini, na hakuna njia iliyochorwa. Magari na baiskeli haviruhusiwi kuingia ndani. Ukipotea, usitarajie kwamba mtu atapita karibu akuone.

Kumbe bure si kutolipa. Ni kwamba unalipa mwenyewe, kwa akili yako, mgongo wako na uangalifu wako. Na kile usichokilipa wewe, ardhi italipa kwa niaba yako.

4. Hesabu ya maji

Jangwani deni la kwanza ni maji. Kipimo kinachoshauriwa ni angalau lita 4 kwa mtu mmoja kwa siku, na zaidi ya hizo kukiwa na jua kali. Sheria ya Bisti hairuhusu kundi la zaidi ya watu 8. Haya, tuchukue watu 8 kwa siku 3:

lita 4 x watu 8 x siku 3 = lita 96.

Hizo ni karibu madebe matano ya lita 20. Na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kila mtu atabeba kilo 12 za maji peke yake kabla hajaweka hema wala chakula. Kumbuka pia kwamba gari limeachwa nje. Sisi ambao mifereji ya mtaani hukauka kila kukicha twajua uzito wa mtungi mmoja begani, basi fikiria kuutembeza mchangani juani!

Je, hakuna maji ya kuchota huko? Usiyategemee. Mito yake ni mikavu, na kidimbwi ukikiona baada ya mvua kina tope tupu. Akiba haiozi, basi akiba ya jangwani ni maji. Kanuni ya kurudi ni rahisi: ukifika nusu ya maji yako, geuza uso uelekee ulikotoka, hata kama hamu ya kuona mengine haijakwisha.

5. Mahali pa kulaza kichwa

Ukifika, jicho lako litapenda mto mkavu. Una mchanga laini, ni tambarare, na kingo zake huzuia upepo. Lakini wapi! Hapo ndipo pa hatari kuliko pote. Mvua yaweza kunyesha kilomita nyingi kutoka ulipo, na maji yakaja kwa kishindo huku juu yako nyota zinang'aa. Ndugu zetu wa Marsabit na Turkana wanaielewa habari hii vizuri, kwa maana mito kama hiyo kwao huitwa laga, na laga hujaa ghafla. Kwa hiyo piga hema mahali palipoinuka kidogo, lakini si kileleni, maana kuna radi.

Jambo la pili ni udongo wenyewe. Kwa ajili ya majivu ya volkeno ya zamani, udongo wa Bisti ukipata maji huvimba na kuteleza kama sabuni. Barabara ya udongo nayo huwa tope, na gari hukwama. Mvua ikikukuta, afadhali utulie hemani mpaka pakauke.

Jambo la tatu ni njia. Vilima vyote vinafanana kama mapacha. Mwenye busara hubeba ramani na dira, hugeuka nyuma mara kwa mara aone sura ya njia ya kurudia, na kabla ya kuondoka nyumbani humwambia mtu: "Nakwenda mahali fulani, nitarudi siku fulani, nisipoonekana waite waokoaji." Simu ni nzuri, lakini isiwe ndiyo tumaini la pekee, kwa kuwa betri huisha na mtandao hukosekana.

Jambo la nne ni baridi. Watu hudhani jangwa ni joto tu. La! Kiangazi jua laweza kupita nyuzi 35 mchana, lakini katika majira ya baridi usiku maji huganda yakawa barafu.

6. Moto, taka na choo

Moto wa kuni umekatazwa Bisti. Kwanza, kuni zenyewe hakuna. Pili, jivu na makaa hukaa miaka mingi mahali pakavu. Anayepika hutumia jiko dogo la gesi.

Taka yote hurudi na mwenyewe, hata ganda la chungwa. Jangwani vitu haviozi upesi kama katika shamba letu la nyuma ya jikoni.

Je, choo? Tusione haya, hili ni somo. Unakwenda hatua nyingi, yapata mita 60, kutoka kambini na kutoka kwenye mkondo wa maji. Unachimba shimo la sentimita 15 hivi, na ukimaliza unafukia. Karatasi unaitia mfukoni mwa plastiki urudi nayo.

Tena tazama unapokanyaga. Katika majangwa ya pande zile kuna udongo wenye ganda jeusi lenye vinundu. Ganda hilo ni viumbe hai vidogo sana vinavyoushika mchanga usipeperuke. Hatua moja ya kiatu hulivunja, na kupona kwake huchukua miaka mingi. Basi tembea juu ya mwamba au mchangani.

7. Jiwe mfukoni

Humo Bisti kuna magogo ya miti iliyogeuka mawe, na kuna visukuku vya dinosau. Dinosau mmoja mkubwa mla nyama aliyepatikana huko alipewa jina la kisayansi Bistahieversor mwaka 2010. Mwaka 2015 mifupa ya mwingine, Pentaceratops mchanga, ilitolewa humo kwa helikopta ya jeshi. Kwa nini helikopta? Kwa sababu hata mwanasayansi haruhusiwi kuingia na lori. Na mgeni wa kawaida haruhusiwi kuondoka hata na kipande cha mti wa jiwe.

Mtu atasema, "Kajiwe kamoja tu, nani ataona?" Haya, tufanye hesabu. Tuseme wageni ni 1,000 kwa mwaka, na kila mmoja achukue jiwe la nusu kilo. Kwa miaka 20 hayo ni mawe 20,000, yaani kilo 10,000, ambazo ni tani 10. Lori zima limeondoka, na hakuna hata mmoja aliyejiona mwizi! Haba na haba hujaza kibaba, lakini pia hukimaliza.

Sasa nitimize ahadi yangu ya mwanzoni. Ardhi korofi tunayo hapa Kenya pia, kandokando ya Ziwa Turkana. Mwaka ule ule wa 1984, Mkenya mwenzetu Kamoya Kimeu, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa Nariokotome, upande wa magharibi wa ziwa. Kando ya laga, katikati ya mawe meusi, jicho lake liliona kipande kidogo cha fuvu. Timu ilipochimba ilipata sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana aliyeishi miaka milioni moja na nusu hivi iliyopita. Dunia nzima inamjua kwa jina la Mvulana wa Turkana.

Fikiria lau kabla ya siku hiyo angepita mpiga kambi mmoja, akakiokota kile kipande, akakitia mfukoni, akakisahau dirishani kwake. Nani angejua pa kuchimba? Kisukuku kikiondolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari zake, kama ukurasa uliochanwa kitabuni. Ndiyo maana tuna sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inayovilinda vitu hivi.

Tofauti iko moja. Kwetu usiseme, "Hapa ni jangwa, hapana mwenyewe." Mbuga ya Sibiloi, mashariki mwa ziwa, ni hifadhi ya taifa, na kuingia ni kwa ada. Penginepo pana wafugaji, na kisima unachokiona ndicho uhai wa mifugo yao. Piga hodi kwa wazee kabla ya kupiga hema. Hata huko Bisti kuna vipande vya ardhi ambavyo ni mali ya Wanavajo, na mgeni hapaswi kuviingilia.

8. Tamati

Wenzangu, siku moja baadhi yetu tutakuwa skauti wakubwa, wanajiolojia, waongozaji watalii, au wasafiri tu. Tukifika mahali pasipo mlinzi, hapo ndipo tabia yetu itakapojulikana. Mwenye kambi ya bure hupimwa asubuhi anapoondoka. Atakayepita baada yake akiulizwa, "Je, hapa palilala mtu?" ajibu, "Sidhani."

Maswali ya kujipima

(a) Eleza tofauti mbili kati ya kambi ya kiwanja na kambi ya kutawanyika.
(b) Watu 5 wanakwenda jangwani kwa siku 4. Watahitaji angalau lita ngapi za maji? Kila mmoja atabeba kilo ngapi?
(c) Kwa nini ni hatari kulala ndani ya laga hata kama mbingu haina wingu?
(d) Chora nguzo ya mwamba ya Bisti na uonyeshe sehemu ngumu na sehemu laini.
(e) Tunga sentensi mbili ukitumia neno korofi, kisha utaje methali moja, isiyokuwa katika makala hii, inayomfaa mgeni wa nyikani.

Majibu yaletwe kwa mwalimu mlezi kabla ya mkutano ujao wa chama. Kazi njema!