NAFSINENI SI MTUNZI: KUFASIRI MANENO YA WIMBO

Kufikia mwisho wa somo hili, mwanafunzi aweze:
(a) kutofautisha mtunzi, mwimbaji na nafsineni;
(b) kupima fasiri ya wimbo kwa ushahidi;
(c) kujibu maswali kuhusu nafsineni bila kupoteza alama.

1. Utangulizi

Wimbo ukipendwa, mashabiki hawaishii kuucheza. Huyachambua maneno yake. Wapenzi wa taarab huuliza, "Anasemwa nani hapa?" Wengine huuliza, "Mwimbaji anatuficha nini?" Neno moja likifanana na habari ya maisha ya msanii, hushikwa kama ufunguo wa siri yake: dini yake, asili yake, ugonjwa wake au mapenzi yake.

Mazoea hayo huingia hadi kwenye chumba cha mtihani. Mtahiniwa akikutana na "mimi" katika shairi, huandika mara moja, "Anayesema ni mtunzi." Mara nyingi jibu hilo si sahihi.

2. Istilahi muhimu

*Mtunzi* ni mtu halisi aliyebuni maneno.
*Mwimbaji* ni mtu halisi anayeyatoa kwa sauti. Huenda asiwe mtunzi.
*Nafsineni* ni anayesema ndani ya utungo. Huyu hubuniwa, kama mhusika wa riwaya.
*Nafsinenewa* ni anayeambiwa ndani ya utungo.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hata "mimi" ya wimbo imeundwa.

3. Mfano: nyimbo za Freddie Mercury

Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 na kupewa jina Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Alisoma shule ya bweni nchini India. Mwaka 1964, baada ya mapinduzi ya Zanzibar, familia yake ilihamia Uingereza, na huko akawa mwimbaji wa bendi ya Queen.

Mwaka 1975 bendi hiyo ilitoa "Bohemian Rhapsody", wimbo alioutunga Mercury. Nafsineni ni kijana anayemwambia mama yake kwamba ameua mtu. Baadaye katika wimbo linasikika neno "Bismillahi". Mercury hakueleza hadharani maana kamili ya wimbo huo. Aliwaachia wasikilizaji waamue. Mashabiki wametoa fasiri nyingi. Tupime tatu.

*Fasiri ya kwanza:* "Bismillahi" inaonyesha kwamba Mercury alikuwa Mwislamu. Fasiri hii inaanguka, kwa sababu dini ya familia yake inajulikana. Tunaloweza kusema ni kwamba mtoto aliyekulia Zanzibar huenda alilisikia neno hilo mitaani. Hilo linawezekana, lakini wimbo wenyewe haulithibitishi.

*Fasiri ya pili:* Aliyeuawa ni Farrokh Bulsara, yaani nafsi ya zamani ambayo msanii aliiacha alipojiita Mercury. Fasiri hii inavutia, nayo inalichukulia tendo la kuua kama sitiari. Hata hivyo, hakuna mahali wimbo unapotaja kubadilisha jina. Ibaki kuwa dhana.

*Fasiri ya tatu:* Wimbo ni ungamo la siri, kwamba alivutiwa kimapenzi na wanaume. Hapa pana mtego. Baadaye ilijulikana kwamba Mercury alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na wanaume. Wengi husema, "Basi tulikuwa sahihi!" La hasha. Jambo kuwa kweli katika maisha ya mtunzi hakuthibitishi kwamba wimbo unalizungumzia. Hayo ni madai mawili, na kila dai linahitaji ushahidi wake.

Sasa linganisha na "The Show Must Go On", uliotoka mwaka 1991. Mercury aliuimba akiwa mgonjwa. Tarehe 23 Novemba alitangaza kwamba alikuwa na UKIMWI, na kesho yake akafariki. Wasikilizaji wengi huisikia "mimi" ya wimbo huo kama kwaheri yake. Lakini sehemu kubwa ya wimbo ilitungwa na mwenzake, mpiga gitaa Brian May, aliyejua hali ya rafiki yake. Uhusiano kati ya wimbo na ugonjwa upo, ila maneno mengi ya "mimi" yalitoka kwa mtu mwingine. Mtunzi, mwimbaji na nafsineni hapa ni watatu.

4. Hatua za kupima fasiri

1. Anza na maneno ya utungo: nani anasema, kwa nani, katika hali gani?
2. Tafuta ushahidi wa nje unaoaminika, kwa mfano kauli ya mtunzi mwenyewe.
3. Bainisha kiwango: imethibitika, inawezekana, au haina msingi.
4. Kumbuka kuwa msanii ni binadamu. Uvumi kuhusu dini, afya au mapenzi yake waweza kumuumiza yeye na jamaa zake, uwe kweli au uongo. Siri ya mtu si jibu la swali la fasihi.

TANBIHI: Usiandike "mtunzi anasema ameua". Andika "nafsineni anasema ameua".

5. Zoezi

Soma ubeti huu kisha ujibu maswali. Chukulia kwamba umetungwa na msichana wa miaka 20.

Nyavu zangu zimechoka, na mashua imezama,
Mvi nazo zimefika, mgongo umeinama,
Wanangu wametoweka, kijiji wamekihama,
Bahari yanipa shaka, nayo haina huruma.

(a) Bainisha nafsineni na uthibitishe jibu lako. (alama 2)
(b) Shabiki anadai kuwa ubeti unaonyesha mtunzi ametelekezwa na watoto wake. Tathmini dai hilo. (alama 3)
(c) Eleza toni ya ubeti. (alama 2)

Mwongozo wa majibu

(a) Ni mvuvi mzee (1). Anataja nyavu na mashua yake, pamoja na mvi na mgongo ulioinama (1).
(b) Dai halina msingi (1). Mwenye watoto waliohama ni nafsineni, si mtunzi (1). Umri wa mtunzi hauafikiani na uzee unaosimuliwa, na hakuna ushahidi wa nje unaouhusisha ubeti na maisha yake (1).
(c) Toni ya huzuni (1). Nafsineni anaorodhesha aliyoyapoteza: mashua, nguvu za mwili na watoto (1).